Kinyume cha "kupitwa na wakati": majibu manne, alama ngapi?

Mwalimu mmoja wa Kiswahili ameniandikia hivi: "Niliwapa wanafunzi wangu zoezi la vinyume. Swali la saba lilikuwa: Andika kinyume cha 'kupitwa na wakati'. Mmoja aliandika 'kuanza kutumika', wa pili 'kudumu', wa tatu 'kurudi', wa nne 'kutopitwa na wakati'. Mwongozo wangu wa kusahihisha una jibu moja tu, 'kuwa ya kisasa', na hakuna aliyeliandika. Nimeshindwa kuwakata alama, na nimeshindwa pia kuwapa. Nilipojaribu mwenyewe maneno mengine ya jamii hiyo, kuchakaa, kufifia, kuchuja, kutoweka, nikakwama vilevile. Je, Kiswahili kina upungufu hapa, au tatizo ni mimi?"

Mwalimu, salamu nyingi, na ahsante kwa kutoharakisha kalamu nyekundu. Kiswahili hakina upungufu hapa, na wewe huna kosa. Kilichopungua ni swali lenyewe: limetoa neno bila sentensi, likategemea jibu moja.

Nianze na neno ambalo kila mwanafunzi wako analijua: kufa. Waulize kinyume chake. Wa kwanza atasema kuzaliwa. Wa pili atasema kuishi. Wa tatu atasema kufufuka. Nani kakosea? Hakuna. Kuzaliwa ni kinyume cha kufa ukiutazama uhai kama nyumba yenye milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Kuishi ni kinyume ukitazama hali: huyu yupo, yule hayupo. Kufufuka ni kinyume ukitazama mwelekeo: aliyekwenda amerudi kwa njia ileile. Neno ni moja, vinyume vitatu, na kila kimoja kinajibu swali lake.

Sasa rudi kwenye karatasi zako. "Kuanza kutumika" ni kuzaliwa. "Kudumu" ni kuishi. "Kurudi" ni kufufuka. Watoto watatu wamegawana vinyume vitatu vya kufa, kila mmoja akachukua chake. Mimi ningefurahi sana kuwa na darasa la namna hiyo.

Swali linalobaki ni kwa nini sote tumezoea kuamini kwamba kila neno lina kinyume kimoja. Nadhani tumeharibiwa na uzuri wa lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina kauli ya kutendua, na kauli hiyo ni tamu kufundisha kwa sababu kinyume kinatoka ndani ya kitenzi chenyewe: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, tega, tegua, bandika, bandua, anika, anua, ezeka, ezua, fukia, fukua, choma, chomoa. Mwanafunzi akishaonja utamu huo anadhani kila kitenzi kina mwenzake aliyejificha humo humo, ni kumvuta tu.

Lakini yatazame hayo maneno kwa makini. Yote ni kazi za mkono. Aliyefunga mlango anaweza kuufungua, aliyeanika nguo anaweza kuzianua. Kutendua kunataka jambo lililotendwa, na linaloweza kurudishwa lilivyokuwa. Sasa chukua shati lililochakaa. Kola imefumuka uzi mmoja mmoja, mabega yamepauka kwa jua, viwiko vimekuwa vyembamba hadi ukiliinua mbele ya dirisha unaona mwanga. Nani alilichakaza? Hakuna mtu aliyeamka siku moja akalichakaza. Limevaliwa na kufuliwa, basi. Na kwa kuwa hakuna aliyelitenda hilo, hakuna wa kulitendua. Ndiyo maana kuchakaa hakukuzaa kitenzi cha kutendua chenye maana ya shati kurudi kuwa jipya lenyewe. Shati hilo litashonwa, litatiwa viraka, litageuzwa kola. Angalia vitenzi vinavyokuja mdomoni: vyote vina -wa mwishoni. Anahitajika mtu.

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi katika suala lako. Yapange maneno ya kupotea: kuchakaa, kufifia, kupauka, kunyauka, kuchuja, kutoweka, kuadimika, kufa. Kitu chenyewe ndicho kinachotenda, bila msaada wa mtu. Kisha yapange ya kurudi: kuhuishwa, kufufuliwa, kurejeshwa, kukarabatiwa, kufanywa upya. Sarufi yenyewe inakiri kwamba kitu hupotea kwa kuachwa tu, lakini hakirudi mpaka kishikwe mkono. Ukimwambia mwanafunzi hilo, hatasahau tena tofauti ya kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa.

Kufufua ni kitenzi cha pekee katika kundi hili. Ukikisikiliza utaona kinaiga mlio wa fungua na zibua, na mwanzoni mwake mna ile "fu" tunayoisikia katika mfu. Kana kwamba lugha, ilipofika kwenye kifo, ilikataa kukiacha bila neno la kukitendua.

Hata hivyo usilitumie ovyo. Kufufuka kunataka kwanza kitu kiwe kimekufa kweli. Mfano unaotajwa daima ni Kiebrania. Kwa karne nyingi hakikuwa lugha ya nyumbani ya mtu yeyote. Eliezer Ben-Yehuda alihamia Palestina mwaka 1881 na kuazimia kukisema ndani ya nyumba yake, na kufikia mwaka 1922 kilikuwa miongoni mwa lugha rasmi za nchi hiyo chini ya utawala wa Uingereza. Watu husema kilifufuka. Mimi ningesema kilihuishwa, kwa sababu muda wote huo kiliendelea kusomwa, kuandikwa na kusaliwa. Kilichokuwa kimekatika ni mazungumzo ya kila siku. Kuhuisha ni kumtia nguvu aliyezimia. Kufufua ni kumwita aliyezikwa.

Neno la kawaida zaidi, na ambalo mwanafunzi wako wa tatu alilikaribia, ni kurejea. Chukua santuri, zile sahani za muziki za zamani. Zilipokuja kanda, na baadaye CD, wengi walihesabu kwamba santuri zimekwisha. Mwaka 2022 huko Marekani ziliuzwa santuri zipatazo milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza tangu 1987 kwa santuri kuzizidi CD kwa idadi. Hazikufufuka, maana hazikuwahi kufa. Viwanda vichache viliendelea kuzitengeneza na watu wachache waliendelea kuzinunua. Zilipungua, zikaadimika, zikarejea. Katika sentensi ya namna hiyo "kurejea" ndicho kinyume, na neno "kisasa" halina nafasi kabisa, kwa sababu anayenunua santuri leo huenda anaipendea ukale wake.

Sasa tuje kwa yale maneno mengine yaliyokukwamisha. Siri yake ni picha. Karibu kila neno letu la kupotea limeazimwa kutoka kwenye kitu kinachoonekana kwa macho, na ukiirudia picha hiyo kinyume hujileta chenyewe.

Kupauka ni kwa nguo iliyopoteza rangi. Rangi isiyopauka imefanya nini? Imekolea. Basi kinyume ni kukolea, neno linalobeba pia chumvi iliyofika na moto ulioshika. Kufifia ni kwa mwanga, na mwanga usiofifia unang'aa. Kunyauka ni kwa mmea. Mmea mwenzake unachipua ukiwa mchanga, unastawi ukiwa mkubwa. Kuzama ni kwa majini, na kinachotoka majini kinaibuka. Ndiyo sababu tunasema mtindo umeibuka, bila kukumbuka maji. Kupwa ni kwa bahari, na bahari isiyopwa inajaa. Kupoa ni kwa moto, na moto ukipanda tunasema mambo yamepamba moto. Kuadimika kunarudi kwenye wingi, hivyo kinyume chake ni kuenea au kujaa tele. Kutoweka kunakutana na kutokea. Kusahaulika, na kukumbukwa. Kuchuja, kwa msanii ambaye hasikilizwi tena, kunakutana na kuwika, kutamba, kuvuma.

Hapo kwenye kuvuma nisimame kidogo, kwa sababu wengi wangekiandika kuwa kinyume cha kila neno la kupotea. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Methali hiyo imeweka kuvuma upande mmoja na kudumu upande wa pili. Kwa mujibu wao, kinachovuma sana kimekwisha kuanza safari ya kuchuja. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika kwamba kinyume cha kuchuja ni kuvuma, mpe alama yake, amesema kweli kuhusu msanii. Akiandika kwamba kinyume cha kupitwa na wakati ni kuvuma, mwulize: jembe limevuma lini? Jembe halivumi, na bado halijapitwa.

Tena angalia hisia. Kukithiri, kuzagaa, kuota mizizi: yote yanasema kitu kimekuwa kingi au kimeshika, lakini sikio la Mswahili linayategemea kwenye mambo mabaya. Rushwa imekithiri, taka zimezagaa, uzembe umeota mizizi. Ukisema "usomaji wa vitabu umezagaa", umewasema vibaya wasomaji. Kwa jambo jema tunasema umeenea, umeshamiri, umekita mizizi. Kushamiri hufaa pande zote mbili, biashara hushamiri na uhalifu hushamiri, mengine yachunge.

Kupitwa na wakati kwenyewe kuna picha, tena nzuri kuliko zote. Wakati ni msafiri. Anatembea, hasimami, na wewe uko njiani naye. Akikupita, umepitwa. Mkienda bega kwa bega, unakwenda na wakati. Huko ndiko kinyume cha kwanza kiliko, ndani ya nahau ileile, na nashangaa mwongozo wako haukukiona: kwenda na wakati. Upo na uwezekano wa tatu, kwamba wewe ndiye uliyempita msafiri: umeutangulia wakati. Mtu mwenye fikra ambazo zama zake haziwezi kuzipokea ameutangulia wakati, na huyo naye amesimama kinyume na aliyepitwa, ingawa kwa nje wote wawili wanatembea peke yao.

Nikirudi kwenye maneno yenyewe, maana wewe ni mwalimu wa lugha na wanafunzi watakuuliza kuhusu maneno kabla ya majembe na santuri: neno linalopitwa na wakati halipotei kwa namna moja. Tulikuwa na hesabu yetu ya Kibantu, mtandatu, mfungate, nane, kenda. Zikaja sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, zikachukua nafasi. Nane ikabaki mahali pake, haikupitwa. Kenda bado unaikuta kwenye kamusi na tungo za zamani. Lakini fungate, ambayo ilitokana na mfungate, yaani saba ya zamani, ilihama kazi: ikawa siku saba za maharusi baada ya ndoa, na leo watu husema wako fungate hata kama wanakaa siku tatu au mwezi mzima. Hilo neno lilipitwa au halikupitwa? Kama namba limepitwa. Kama jina la mapumziko ya maharusi liko hai kabisa. Ukitaka kitenzi cha hali hiyo, ni kusalia, au kupata maisha mapya.

Mfano mwingine umejificha kwenye methali ambayo bila shaka umeifundisha: usiache mbachao kwa msala upitao. Wanafunzi wengi, na baadhi ya watu wazima, hudhani "mbachao" ni neno moja lenye maana wasiyoijua. Ni mbacha wako, kama mwanao ilivyo mwana wako. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka wa kuswalia. Nje ya methali hiyo ni nadra umsikie mtu akisema mbacha, lakini ndani ya methali neno linatembea kila siku kwenye vinywa vya watu wasiolijua. Na tazama linavyosema: usiuache mkeka wako mkuukuu kwa sababu ya msala wa mpita njia. Neno lililochakaa, linalotaja kitu kilichochakaa, limehifadhiwa na usemi unaokataza kuacha vilivyochakaa. Kinyume cha kutoweka hapo ni kuhifadhika.

Kuna pia jambo ambalo vitabu vya mazoezi huliruka: si kila neno lisilotumika limepitwa na wakati. Mengine hayakuwahi kufika. Kompyuta ilipoingia, baadhi ya wataalamu walipendekeza iitwe ngamizi. Intaneti nayo ikapendekezewa mdahalishi. Yaliandikwa, yakafundishwa kidogo, hayakushika. Wakati huohuo kiyoyozi, tovuti, barua pepe na kikokotoo, nayo yakiwa ya kuundwa vilevile, yalishika hadi mtu hakumbuki kwamba kuna siku yalikuwa mageni. Kung'atuka lilitoka Kizanaki, likaenea kwa sababu Mwalimu Nyerere alilitumia kuhusu kuondoka kwake madarakani, na alipoachia urais mwaka 1985 nchi nzima ilikuwa imelijua. Kwa ngamizi huwezi kusema limepitwa, kwa kuwa halikuwahi kuwa na wakati wake. Kinyume cha hali yake ni kushika, au kuzoeleka. Hilo ni jozi nyingine kabisa, na linafaa swali lake peke yake: kushika na kutoshika.

Uliniuliza kama Kiswahili kina upungufu. Ni kweli kwamba maneno ya kupotea ni mengi na ya wazi kuliko ya kuwepo. Kamusi inayoweka alama huweka alama kwenye neno la kale. Neno linalotumika haliwekewi alama yoyote, linaachwa hivyo hivyo. Kilicho hai hakitajwi kuwa ni hai hadi kuwe na shaka. Ndiyo maana mara nyingi kinyume tunachokitafuta si neno jipya bali ni badiliko dogo la wakati wa kitenzi. Nyimbo za zamani tunaziita zilipendwa. Neno zima limesimama juu ya -li-. Badilisha hiyo -li- iwe -na-, zinapendwa, na kinyume umekwisha kukipata. Ilitumika, inatumika. Ilivaliwa, inavaliwa. Mwanafunzi anayeandika hivyo hajakwepa swali, amelijibu kwa silabi moja.

Sasa alama. Watatu wa kwanza wape zote. Mwongozo wako, "kuwa ya kisasa", ningeurekebisha: hiyo "ya" inakubaliana na nomino gani? Kisasa ni kinyume cha kizamani, sifa kwa sifa. Kupitwa ni tukio, na tukio linataka tukio lenzake.

Wa nne, aliyeandika "kutopitwa na wakati", ndiye mgumu, na ndiye aliyenifanya nikujibu kwa urefu. Kwa kawaida kanusho si kinyume. Asiye mrefu si lazima awe mfupi. Jiwe lililoko njiani halijapitwa na wakati, lakini wala haliendi na wakati; halimo kwenye safari hiyo. Kwa kipimo hicho jibu lake ni nusu. Ila kuna matumizi ambamo kanusho hilo limegeuka sifa yenye uzito wake: tunasema shairi hili halipitwi na wakati, na hatumaanishi tu kwamba bado halijapitwa. Tunamaanisha kwamba wakati hauliwezi. Hapo "kutopitwa" kumepanda juu ya kudumu na juu ya kwenda na wakati.

Mrudishie karatasi yake bila alama kwanza, wenzake uwarudishie zenye alama zao, na uwaambie kila mmoja atunge sentensi mbili, moja yenye "kupitwa na wakati" na nyingine yenye jibu lake, zote zikizungumzia kitu kilekile. Huyo wa nne akileta "Mtindo huu wa viatu haujapitwa na wakati", mpe nusu. Akileta shairi, mpe yote.